Kola ya Lodi Mguuni mwa Manju

Miaka ile ya tisini, kila aliyepita barabara ya sokoni Bariadi alilijua baraza la Domitila. Halikuwa na kibao wala rangi, lakini lilijulikana kwa mlio wake. Cherehani ya Domitila, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliguna kila ilipofika kwenye pindo nene, na majirani walikuwa na msemo wao: ukiisikia inaguna, fundi yumo, na kama fundi yumo, kaa kwenye benchi usubiri zamu yako. Domitila mwenyewe alikuwa mwanamke wa sauti ya taratibu, mwenye pini mdomoni saa zote za kazi. Hata kusalimia alisalimia na pini zake, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja.

Alizaliwa Mwamapalala, binti wa Mzee Salu, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha. Masista ndio waliomfundisha kushona, na alianza kazi mjini katika miaka ambayo nguo ilikuwa haba kuliko mvua. Wakati huo mtu akipata kitambaa alikileta kwa fundi kama anavyoleta mtoto mgonjwa, amekikumbatia, na alisimama hapo hapo kuangalia mkasi unapita wapi. Domitila alijifunza kukata bila kupoteza hata kipande cha kufungia kidonda. Kutoka kitambaa cha gauni moja aliweza kutoa gauni, kofia ya mtoto na mfuko wa chumvi. Watu walimheshimu. Mwanamke akitaka kusema jambo limefanywa vizuri, alisema limekaa kama mshono wa Domitila.

Kisha ikaja ruksa. Milango ya biashara ikafunguliwa, malori yakashusha marobota ya mitumba, na siku ya mnada robota likifunguliwa watu walilizonga kama ndama wanavyomzonga mama yao jioni. Nani angengoja kushonewa shati kwa wiki nzima, wakati shati liko pale chini, lina vifungo vyote na harufu ya ng'ambo? Taratibu, bila mtu yeyote kumtangazia, Domitila akawa fundi wa kupunguza. Zililetwa kwake suruali za wanaume wenye matumbo ya ajabu, naye akazipunguza ziwatoshe wakulima wa Itilima wenye viuno vya nyigu.

"Hawa Wazungu wanakula nini, mayu?" wateja walimuuliza, wakimwita mama kwa Kisukuma.

"Wanakula wanachokula," alijibu kati ya pini. "Mimi nakula kiuno chao."

Alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Lakini moyoni alijua kuwa kupunguza si kushona. Kazi moja tu ndiyo iliyobaki ya kumfanya ajiite fundi: kila mwaka, pamba ikishavunwa, alikishonea mavazi kikundi cha ngoma cha Manju Mayala wa Migato.

Yafaa kueleza hapa kwamba mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayana mwamuzi mwenye filimbi. Vikundi viwili husimama katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji ndio huamua kwa miguu yao. Kikundi kilichozungukwa na watu wengi kimeshinda, na kilichokimbiwa kimeshindwa. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, hutafuta kila mwaka kitu kipya cha kuwavuta watu: wimbo mkali, kichekesho, dawa ya mganga, au vazi.

Mwaka ule ndio ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kupita vijijini na mizani zao, wakishindana na chama cha ushirika. Mmoja wao, ili ajulikane, alitangaza mashindano ya ngoma Bariadi mjini na kuahidi dume la ng'ombe kwa mshindi. Siku chache baada ya tangazo hilo, Mayala aliegesha baiskeli yake mbele ya baraza.

"Mwangaluka, ng'wana Salu."

"Mwangaluka, Manju. Mhola?"

"Mhola duhu."

Alikaa kwenye benchi, lakini macho yake aliyapeleka barabarani badala ya kumtazama mwenyeji wake, na Domitila akatambua kuwa kuna neno.

"Vijana wangu wananidai jezi," Mayala alisema hatimaye. "Flora wa mitumba ana robota zima. Zote za njano, na zote zina namba mgongoni."

"Namba za nini? Mtacheza ngoma au mpira?"

"Wanasema zinapendeza."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nataka watu!" Mayala aligeuka sasa. "Mwaka jana Mayige wa Kimali aliniaibisha. Nilibaki naimbia mke wangu na mbwa, ng'wana Salu, na mke wangu aliondoka kabla ya mbwa."

Domitila alitaka kucheka, lakini aliona mwenzake hatanii.

"Sikiliza," Mayala aliendelea. "Wewe umenishonea tangu sijaota ndevu. Sitaki kukutupa. Nivalishe kitu ambacho macho ya watu hawa hayajawahi kukiona. Wakija kwangu, wewe ni fundi wangu mpaka nizeeke. Wasipokuja, mwakani naenda kwa Flora kuchukua jezi, na tusilaumiane."

Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Domitila aliitazama cherehani kwa muda mrefu. Mumewe Yakobo, mtu mpole aliyebaki Mwamapalala kulima, alikuwa amekwisha kumwambia bila ukali wowote: kama kazi ni kupunguza suruali tu, funga cherehani, mke wangu, turudi kupalilia wote. Bila ngoma ya Mayala, angekosa cha kumjibu.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakulitarajia, yaani kwa Flora mwenyewe. Flora alikuwa muuza mitumba wa upande wa pili wa barabara, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, ambaye alimwondolea Domitila wateja kwa mkono mmoja na kumletea mihogo ya kuchemsha kwa mkono mwingine. Siku hiyo alifungua robota la makoti ya baridi kutoka Uholanzi, na katikati ya makoti akakuta kituko. Kulikuwa na koti fupi la mahameli nyeusi, mikono yake imepasuka mipasuko mirefu kutoka begani hadi kiwikoni. Kulikuwa pia na kikaptula cha mahameli hiyo hiyo, kimevimba kama maboga mawili yaliyofungwa pamoja. Na kulikuwa na kitu cheupe cha duara, chenye marinda mazito yaliyosimama yenyewe na kamba mbili za kufungia. Bila shaka vilikuwa vya kikundi fulani cha maigizo huko kwao, lakini Bariadi nani angejua? Flora alivaa kikaptula kichwani akatembea nacho sokoni, na soko zima likashika mbavu.

"Chukua, Domi," alimwambia baadaye, akimwaga vyote juu ya meza. "Nani atanunua suruali ya kukalia mayai? Mahameli utaifanyia mto."

"Na hiki cheupe?"

"Hiyo ni ngata ya kubebea ndoo. Wazungu nao wana visima."

Domitila alikiweka kichwani, kikamshukia hadi masikioni. Akakigeuzageuza. Alikuwa na tabia ya kutokukata tamaa mbele ya mshono wowote. Aliamini kila nguo imeshonwa na mtu mwenye akili, na ukiivumilia itakuambia ni ya nini. Hiki kilikuwa cha duara. Kilifungwa kwa kamba. Na tangu utotoni mwake, kitu cha duara chenye kamba alichokiona kwa watu waliopendeza kilikuwa kimoja tu: njuga za wacheza ngoma, zinazofungwa mguuni. Akainua gauni lake kidogo, akakifunga chini ya goti. Kilikaa kana kwamba kilipimwa kwa mguu wake.

"Kumbe!" alisema. "Ila kipo kimoja. Mwenzake kapotelea njiani."

"Kama viatu," Flora alikubali mara moja. "Wiki iliyopita nilipata mguu wa kushoto peke yake, kiatu kizuri hicho, mpaka nililia."

Basi jambo likawa limeamuliwa. Koti nalo Domitila aliliangalia kwa huruma. Mahameli ya namna ile, halafu mtu kaiacha ipasuke hivyo! Akachukua uzi mweusi na sindano nyembamba, akaziba mpasuko mmoja baada ya mwingine kwa mkono, mshono mdogo mdogo, hadi ukipitisha kidole usingejua palipasuka wapi. Alijivunia sana kazi ile.

Mayala aliitwa, akaja. Alijifunga kile cheupe juu ya njuga za mguu wa kulia, akasogea barabarani, akapiga mguu chini. Njuga zililia, vumbi likaruka, na marinda meupe yakafunguka na kufunga kama yangeyange anayetaka kuruka kutoka mgongoni mwa ng'ombe. Akapiga tena. Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita aligeuza shingo, akaingia kwenye mtaro.

"Nishonee," Mayala alisema polepole. "Kila mchezaji, kulia na kushoto."

Hapo ndipo Domitila aliporudi kuwa fundi. Alifumua kipande kidogo cha kile cheupe ili akione ndani, akakuta kila rinda limeshikwa na jirani yake kwa uzi, likizunguka kama namba nane, tena na tena, bila mwisho. Akanunua kitambaa cha marekani nyeupe. Akapika wanga wa muhogo mwepesi kama uji wa mgonjwa, akachovya kitambaa, akakunja marinda yakiwa bado na unyevu juu ya vijiti vya bua la mtama, akaanika juani, kisha akamalizia kwa pasi ya mkaa. Ya kwanza yalilala kama masikio ya mbwa. Akaongeza wanga. Ya pili yalivunjika kama chapati kavu. Akapunguza. Ya tatu yalisimama. Mbuzi wa jirani alikula jozi moja nzima, wanga na uzi wake, na akaonekana mwenye furaha siku nzima. Kufikia wiki ya mashindano, kamba ya nguo mbele ya baraza ilikuwa imejaa maduara meupe, na watoto wa shule walichelewa kufika nyumbani kwa sababu ya kuyatazama.

Jioni ya kuamkia mashindano, Mayala akiwa barazani anajaribu koti lake, alipita Mwalimu Novatus. Huyu alifundisha historia katika shule ya sekondari, kijana mwembamba aliyependa somo lake kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuja kuchukua suruali yake iliyopunguzwa, lakini alipoiona ile kamba ya nguo, suruali ilimtoka akilini.

"Mayu, hizi kola umezitoa wapi?"

"Kola?" Domitila alitoa pini zote mdomoni, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. "Kola gani? Hivi ni vya miguuni."

"Vya miguuni!" Mwalimu alishika kichwa, lakini kwa furaha. "Hapana, mayu, hapana. Hizi ni kola za shingoni! Walizivaa malodi, mabwana wakubwa wa Ulaya ya kaskazini, Uholanzi, Uingereza, kote kule, karibu miaka mia nne iliyopita. Subirini. Msiondoke."

Alikimbia, kweli alikimbia na tai yake begani, akarudi na kitabu kikubwa cha shule. Humo palikuwa na picha ya bwana mmoja mwenye ndevu za ncha, amevaa mahameli nyeusi, mkono kiunoni, na kichwa chake kimekaa juu ya kola nyeupe kama yai juu ya sahani.

"Waholanzi waliiita kola ya jiwe la kusagia," Mwalimu alieleza, "kwa ukubwa wake. Waliikaza kwa wanga, kama wewe ulivyofanya. Na nyeusi hii msiione hivi, rangi nyeusi iliyokolea ilikuwa ghali kuliko nyingi. Katika baadhi ya miji ilikuwapo hata sheria iliyosema nani avae mahameli na nani asivae. Mkulima akivaa kama lodi, anatozwa faini."

Mayala hakuwa anasikiliza habari za faini. Alikuwa anatazama picha, kisha miguu yake, kisha picha.

"Ng'wana Salu," alisema kwa sauti ya chini, "umenivalisha kola miguuni?"

Domitila aliona uso unamwaka moto. Alitamani benchi limmeze.

"Kesho Mayige akipata habari hii," Mayala aliendelea, "atatunga wimbo. Ninamjua. Utaimbwa mpaka wajukuu zangu waoe. 'Mayala anavaa kofia matakoni!' Mwalimu, nifunge shingoni. Sasa hivi."

Mwalimu alimfunga. Mayala alisimama wima, kidevu juu, na kwa kweli alifanana na yule bwana wa kitabuni, isipokuwa ndevu. Flora, aliyevuka barabara kufuata kelele, alipiga kigelegele.

"Imba," Domitila alisema.

Mayala alivuta pumzi. Manju wa Kisukuma haimbi kwa mdomo peke yake; huimba kwa shingo nzima, mishipa ikiwa imesimama. Kamba zilimkaba, sauti ikatoka nyembamba kama ya jogoo anayechinjwa. Akajaribu kuinama kama anavyoinama mtu anapoanza hatua ya kwanza ya ngoma. Marinda yalimziba macho, asiione ngoma wala miguu yake. Akakanyaga mkia wa mbwa wa Flora.

"Mwalimu," Domitila aliuliza, akimfungua manju wake kabla hajazimia, "hawa malodi walikuwa wanafanya kazi gani wakiwa wamevaa hivi?"

Novatus alifikiri kwa uaminifu. "Kwa kweli, mayu, hawakufanya yoyote. Ndiyo iliyokuwa maana yake. Mtu akikuona huwezi hata kuinama, anajua una watu wa kukuinamia."

"Basi wao waliivaa mahali pasipo na kazi," Domitila alisema. "Vijana wa Mayala kesho wana kazi, na shingo ndiyo ya kuimbia. Mimi nasema ibaki mguuni."

Mayala alikaa kwenye benchi akisugua koo. Alikuwa anapima, na Domitila aliona anavyopima: upande huu wimbo wa Mayige, upande huu lile dume la ng'ombe. Yeye aliyanyoosha marinda ya ile kola aliyomfungua. Kama angekosea sasa, angekosea kwa uamuzi wake mwenyewe, na mwakani angepalilia pamba akijua hivyo.

"Mbali na hayo," Mwalimu aliongeza kwa sauti ya mtu anayeogopa kuharibu tena, "hili koti mmelifanyaje? Kwenye picha mikono ina mipasuko."

"Ilikuwa imepasuka. Nimeiziba."

"Aa, mayu! Ile waliipasua kwa makusudi. Inasemekana walianza askari, kisha mabwana wakaiga. Walikata nguo ya juu, wakavuta bitana ya rangi kali itokeze kwenye mipasuko, ili watu waone kuwa hata ndani amevaa vya thamani."

Domitila alitazama mishono yake midogo midogo, kazi ya siku nyingi. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika meza. "Yaani huyu mtu kanunua mahameli, kaikata, na mimi nimeishona kama kidonda! Lete huo wembe, Flora. Na lete kitenge chekundu, na kile cha njano."

Walifumua pamoja, Mwalimu akishika upande wa bega, na jua lilipokuwa linazama mikono ya koti ilikuwa inatoa ndimi nyekundu na njano kila Mayala alipotikisa bega. Alijitazama katika kioo cha Flora. Akatikisa bega la kulia. Akatikisa la kushoto.

"Hili nalikubali," alisema. Kisha akavuta pumzi. "Na miguuni ibaki miguuni. Mayige akiimba, na aimbe."

Kesho yake uwanja ulijaa watu kabla jua halijawa kali. Walitoka Migato, Kimali, Mwamapalala, wengine kwa miguu na wengine nyuma ya magari ya pamba. Domitila alikaa na Flora kwenye benchi upande wa Mayala.

Mayige wa Kimali alikuwa amekuja na kitu kipya naye. Ilikuwa spika, kubwa kama mtungi, iliyounganishwa kwenye betri ya gari, na mbele yake kipaza sauti. Alipotoa neno la kwanza, kunguru waliruka juu ya miti ya sokoni. Watu walimkimbilia wote, kama maji yanapopata mtaro. Mayala na vijana wake walibaki wamesimama na maduara yao meupe, wakizungukwa na watoto na mlevi mmoja.

Na habari zilikuwa zimekwisha kumfikia Mayige, kama ilivyotabiriwa. Sauti yake ikatangaza uwanja mzima: "Mayala mwana wa Migato! Shingo yako iko wapi, mbona kola imeifuata chini?"

Uwanja uliangua kicheko. Domitila aliinamisha kichwa.

"Usilie," Flora alimnong'oneza. "Nitakupunguzia bei ya jezi."

"Nyamaza, Flora."

Lakini kicheko kina kazi yake. Mtu akisikia kwamba jirani amevaa kola mguuni, hutaka kuiona. Wachache wa nyuma, walioshindwa kufika karibu na Mayige, walivuka kuja kuangalia. Mayala aliwageukia. Alipiga mguu chini, na vijana wake wakapiga wote pamoja, njuga zikanguruma, na maduara meupe yakafunguka kwa pamoja juu ya vumbi jekundu, yakafunga, yakafunguka. Mabega ya koti la Mayala yakatoa ndimi zake. Wale wachache waliguna. Walio nyuma yao hawakuona kitu, maana miguu haionekani mtu akiwa amesimama mbele yako, basi wakasukuma. Waliokuwa mbele wakaambiwa kaeni chini, wakakaa. Mwanya uliobaki ukajazwa na wengine.

"Kuna nini huko?" watu walianza kuulizana upande wa Mayige.

"Miguu!"

"Miguu gani?"

"Njoo uone mwenyewe, mimi nitakuelezaje miguu?"

Ndipo Domitila alipokiona kile ambacho hakuna mtu aliyekipanga, si yeye, si Mayala, wala si Mwalimu na kitabu chake. Wimbo wa Mayige ulisikika kila mahali. Aliyetaka kuusikia hakuwa na haja ya kusimama karibu naye. Aliweza kuusikia vizuri kabisa akiwa kwa Mayala. Lakini miguu ya Mayala huwezi kuiona kwa mbali. Lazima uje. Watu wakawa wanavuka mmoja mmoja, kisha makundi, huku wakiendelea kuimba kiitikio cha Mayige na kukodoa macho kwenye marinda ya Mayala. Kadiri Mayige alivyoongeza sauti, ndivyo alivyowaruhusu waende.

Kufikia alasiri jasho lilikuwa limeanza kulainisha wanga. Marinda ya vijana wawili watatu yalilegea, na Domitila akafumba macho. Alipoyafumbua alikuta wachezaji hao wanaitikisa miguu kwa nguvu zaidi ili marinda yainuke, na watu wakidhani ni hatua mpya, wanashangilia. Upande wa pili Mayige alikuwa anaimba vizuri sana, akiimbia spika yake, betri yake, na fundi wa betri.

Mnunuzi wa pamba hakuhitaji kuhesabu. Aliliongoza dume lile kwa kamba mwenyewe, akalikabidhi kwa Mayala, ambaye sauti yake ilikuwa imekauka. Manju alipita katikati ya watu, akaja hadi alipokaa Domitila, na akaweka mguu wake wa kulia juu ya benchi, mbele ya watu wote, kola ikiwa nyekundu kwa vumbi.

"Ya mwakani," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nipimie."

"Mwakani utakuwa umenenepa, una ng'ombe," Domitila alisema. Lakini alikuwa amekwisha kutoa futi yake ya kupimia mfukoni mwa gauni.

Juma lililofuata Yakobo alikuja mjini na gunia la viazi. Alikuta benchi limejaa, na cherehani inaguna. Hakutaja habari za kupalilia. Alikaa chini akakunja marinda juu ya vijiti vya mtama kama alivyoelekezwa. Flora naye alibadilisha namna ya kufungua marobota: shuka nyeupe za mitumba hakuzitandika tena chini kwa wateja, alizipeleka moja kwa moja ng'ambo ya barabara, kwa sababu shuka ya pamba ya zamani inashika wanga kuliko marekani mpya, na hakuna aliyelijua hilo mpaka Domitila alipoijaribu. Mwalimu Novatus alileta kitabu chake tena, akakiacha barazani kwa siku kadhaa. Domitila alikipitia ukurasa kwa ukurasa, pini mdomoni, akisimama kwenye kila mkono uliopasuliwa na kila kofia ya manyoya, na mara kwa mara alimwita Yakobo aje aone jinsi fundi wa watu wale alivyofikiri.

"Huyu," alisema, akiweka kidole juu ya mshono wa bega la bwana mmoja wa Kiholanzi, "huyu alishonewa na mtu anayejua."

Kisha alikifunga kitabu, akavuta shuka nyeupe mezani, akaanza kukata.